Mashine Huzimika kwa Bibi Leonia

Jumamosi, 7 Juni

Shule imefungwa jana. Mwalimu Fransiska, anayetufundisha fizikia kidato cha tatu, ametutaka kila mmoja aandike shajara likizo nzima. Alisema, "Andikeni kwanza mlichokiona, ndipo muandike mnachokidhani. Msivichanganye." Nimenunua daftari la kurasa themanini. Hapa Kasense karibu kila nyumba imeshavuna. Mahindi yamerundikwa uani yakiwa bado kwenye magunzi, yanasubiri mashine ya baba.

Jumatatu, 9 Juni

Tumeanza na mahindi yetu wenyewe. Mashine ni ya kupukuchua, ya magurudumu mawili, yenye injini ya petroli. Baba yangu, Vitus, ndiye mwenye mashine. Baba mdogo Evans ndiye anayeiendesha. Leonsi, kijana wa jirani, anatia magunzi, nami nashika magunia.

Mwaka jana injini ilichemka mpaka hedi ikapinda. Hedi ni kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda juu. Fundi Adriano wa Izia aliichonga upande wa chini ikanyooka. Baba mdogo anasema tangu ichongwe injini imekuwa na hasira. Mimi naiona inafanya kazi vizuri. Iliunguruma polepole tangu asubuhi hadi saa tisa, ikamaliza.

Jumatano, 11 Juni

Kwa jirani yetu Mama Angela. Upepo mkali, pumba zimeingia hadi masikioni. Mashine ilienda polepole, haikuzimika.

Alhamisi, 12 Juni

Leo zamu ilikuwa ya Bibi Leonia, yule anayekaa peke yake karibu na shamba la kanisa. Aliolewa hapa akitokea Kirando, ziwani, zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Mumewe amefariki, mwanawe yuko Mpanda. Watu hawampendi kwa sababu ya mdomo wake. Tulipofika tulimwamkia wote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Evans, mwaka huu umekuja na mashine au umekuja na stori?"

Leonsi alicheka. Baba mdogo hakucheka. Aliwasha injini, akavuta waya wa mafuta akapiga resi mpaka mwisho, magunzi yakawa yanaruka kama panzi. Nilifurahi, nikadhani tutamaliza mapema. Tulikuwa hatujajaza hata gunia moja, tukasikia tak! Injini ikazimika.

Baba mdogo alifungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwashia petroli. Chini ya plagi kuna kijiti kilichopinda, na kati ya kijiti na ncha yake pana mwanya mdogo ambapo cheche huruka. Mwanya ule ulikuwa umefumbwa. Kijiti kimelalia ncha kabisa.

"Nani amefumba hii?" baba mdogo aliuliza.

Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa ndani ya injini, imekazwa kwa spana.

Bibi Leonia alichungulia, akasema, "Leteni hata trekta, itazimika tu. Mahindi yangu hayapendi kelele."

Ilikuwa mzaha. Lakini hakuna aliyecheka, hata Leonsi.

Ijumaa, 13 Juni

Baba mdogo aliufungua ule mwanya kwa koleo, tukaenda kwa Valerian, mwalimu wa kwaya. Mashine ilienda polepole kutwa nzima, haikuzimika hata mara moja.

Jumatatu, 16 Juni

Tumerudi kwa Bibi Leonia na plagi mpya. Baba mdogo aliinunua mjini Jumamosi. Huwa anachukua plagi ya zamani kutoka kwenye kopo la vyuma, anaipeleka dukani kama sampuli, na muuzaji anampa inayofanana nayo. Hivyo ndivyo kila mtu anavyonunua vipuri hapa kwetu.

Resi mpaka mwisho. Dakika chache, tak! Imezimika. Plagi mpya imefumbwa kama ile ya kwanza.

Ninachokidhani: ni fundi Adriano. Alichonga hedi vibaya makusudi ili turudi kwake tena. Mafundi wengine wako hivyo. Mama naye anadhani hivyo. Lakini baba anauliza, kama ni fundi, mbona kwa Mama Angela haikuzimika?

Jumanne, 17 Juni

Mashine ililala uani kwa Bibi Leonia. Asubuhi nilitumwa kuchukua turubai letu. Kabla sijaingia uani nilimwona Bibi Leonia ameinama na sufuria mkononi. Alikuwa anamwaga majivu kuzunguka mashine. Alizunguka pole pole hadi mduara ukafunga. Nilisimama nyuma ya mparachichi hadi akaingia ndani, nikachukua turubai nikaondoka bila kumwamkia.

Nilimwambia mama. Mama aliacha kuchambua maharage, akaniuliza, "Aliongea chochote?"

"Midomo yake ilikuwa inacheza."

Sasa ninapoandika sina hakika kama ilikuwa inacheza.

Alhamisi, 19 Juni

Kwa kina Lucia, baada ya baba mdogo kuufungua tena mwanya kwa koleo. Polepole, kutwa nzima. Haikuzimika. Baridi kali, maji ya ndoo yaliuma vidole asubuhi.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya misa ya sikukuu ya Ekaristi wanawake walisimama makundi makundi nje ya kanisa. Nilipopita walinyamaza. Halafu Mama Angela akaniita.

"Jovina, mwanangu, eti aliongea maneno ya kwao, ya ziwani?"

"Sikusema hivyo."

"Lakini majivu uliyaona."

"Majivu niliyaona."

"Basi," akasema, akawageukia wenzake.

Mzee Wilibrodi ndiye mwenye mashamba makubwa upande wetu, na akisema jambo watu hulifuata. Alimwambia baba mbele yangu kwamba mahindi ya watu wote yakishapukuchuliwa kutakuwa na kikao uani kwake, Jumapili ya tarehe sita Julai, saa nane. "Hatumpigi mtu," alisema. "Tunamwomba tu arudi kwao Kirando, kila mtu akae kwa amani." Baba hakukubali wala hakukataa. Alitazama viatu vyake.

Usiku wa leo sikula vizuri. Bibi Leonia ameishi nyumba ile tangu baba akiwa mtoto. Na maneno yote yanayosemwa yametoka kinywani mwangu.

Lakini kama ni kweli je?

Jumanne, 24 Juni

Mara ya tatu. Safari hii watu walikuja kutazama, hata wasio na zamu. Baba mdogo alifunga plagi mpya nyingine aliyoinunua kwa sampuli ileile. Alifanya ishara ya msalaba kabla ya kuvuta kamba.

Bibi Leonia alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. "Mmeleta mashahidi," alisema. "Ningejua ningekodi viti."

Nilimtazama yeye tu, sikutazama mashine. Nilitaka kuona midomo yake. Haikucheza. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, vidole vimekunjwa. Mashine ilipiga kelele kubwa kuliko siku zote, kisha tak!

Watu walirudi nyuma hatua moja wote kwa pamoja, kama waliosukumwa. Mtu mmoja alisema kwa Kifipa kitu ambacho sitakiandika. Baba mdogo alifungua plagi, akampa baba. Imefumbwa.

Bibi Leonia aliingia ndani akafunga mlango. Mahindi yake yako nje tangu mwanzo wa mwezi, panya wameanza kuyala.

Jumatano, 25 Juni

Nimekaa jikoni na daftari hili, nimelisoma lote tangu mwanzo. Nimepiga mistari chini ya yale niliyoyaona tu, nikayaacha niliyoyadhani.

Kwetu: polepole. Mama Angela: polepole. Valerian: polepole. Kina Lucia: polepole.

Bibi Leonia: resi mpaka mwisho. Resi mpaka mwisho. Kelele kubwa kuliko siku zote.

Nikazichukua zile plagi tatu mfukoni mwa koti la baba mdogo nikazitazama juani. Kila moja ina alama inayong'aa chini ya kile kijiti, kama msumari uliopigwa nyundo. Aliyezifumba hakutumia vidole. Kitu kigumu kimezigonga kutoka chini, na chini ya plagi hakuna kitu ila pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda.

Nimemwambia baba. Alizigeuza plagi moja moja kiganjani, kisha akasema, "Kesho uende na Evans kwa Adriano. Chukueni injini yenyewe."

Sasa namshuku tena fundi Adriano. Na kusema kweli namshuku hata baba mdogo. Kwa nini kwa Bibi tu anaikimbiza?

Alhamisi, 26 Juni

Naandika mengi leo, mkono utauma.

Tulipakia injini kwenye guta la magurudumu matatu, tukafika Izia saa nne. Fundi Adriano ni mtu mfupi mwenye ovaroli iliyochakaa, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba binti. Vitus amekutuma na malalamiko au na pongezi?"

"Malalamiko."

"Afadhali. Pongezi hazijawahi kunipa kazi."

Nilitandika leso, nikaweka plagi tatu juu yake. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akibabaika. Hakubabaika. Aliichukua moja, akaitazama chini, akaitazama ubavuni, akamgeukia baba mdogo.

"Evans, hii imetoka wapi?"

"Dukani."

"Plagi niliyokufungia mimi mwaka jana iko wapi?"

"Ilishika masizi mwisho wa msimu. Nikaitupa, nikanunua nyingine."

"Ukapeleka sampuli ipi?"

Baba mdogo alitoa plagi ya zamani mfukoni. Fundi aliiweka sambamba na zile tatu. Zilikuwa na urefu mmoja.

"Hii ni ya kabla sijachonga hedi," fundi alisema. "Umekuwa ukiinunulia injini viatu kwa mguu wake wa zamani."

Alichukua waya mwembamba akaupinda ncha kama ndoana, akauingiza kwenye tundu la plagi juu ya hedi hadi ndoana ikashika ukingo wa ndani. Akaweka alama kwa ukucha pale waya ulipotokea juu. Aliniomba rula. Nikapima mwenyewe: milimita kumi na saba na nusu. Kisha nikapima ile sehemu ya plagi yenye mizunguko ya kukazia, kutoka chini ya washa, ile pete nyembamba ya chuma, hadi mwisho. Kumi na tisa.

"Inazidi milimita moja na nusu," nikasema.

"Ndizo nilizochonga. Hedi ikipungua, plagi nayo lazima ipungue. Zipo fupi, zipo ndefu, na zipo za kati ambazo si kila duka linazo. Ukiweka fupi mno inajificha ndani ya tundu, cheche inawakia kisimani, mizunguko iliyobaki wazi inajaa masizi, na mashine inakohoa. Ukiweka ndefu inachungulia kwenye silinda. Anayechungulia hupigwa."

Baba mdogo alipinga. "Lakini fundi, mbona sehemu nyingine haipigwi? Nimeiendesha wiki mbili."

Fundi alifikiri. Kisha akaita jirani anayepika chapati, "Mama Sharon! Nikatie donge dogo!"

"La kula au la kazi?"

"La kazi."

"Basi na mafuta sikupi," akajibu Mama Sharon, akaleta donge la unga kwenye kifuniko cha bakuli.

Fundi alilibandika chini ya ile plagi ya sampuli, ambayo mwanya wake haukufumbwa, akaifunga kwenye injini, akazungusha gurudumu la injini kwa mkono, taratibu, mzunguko mmoja. Akaifungua. Donge lilikuwa limebanwa hadi likawa jembamba kama karatasi. Lakini halikukatika.

"Unaona? Pistoni inapita karibu sana, ila haigusi."

Nilijiona nikirudi nyumbani bila jibu, na tarehe sita inakuja. "Basi ni nini kinachoigonga?"

Alishika gurudumu kwa mikono miwili akalitikisa. Ndani kukasikika ko, ko. "Injini hii imezeeka. Mkono unaosukuma pistoni unacheza. Ukienda polepole, pistoni inafika pale donge lilipofika. Ukiikimbiza sana inarushwa juu zaidi."

"Kwa kiasi gani?"

"Unene wa karatasi hiyohiyo. Unatosha." Akamtazama baba mdogo. "Wewe ulikuwa unaikimbiza?"

Nikafungua daftari, nikasoma siku zote saba na kila nyumba. Sikutaka kumwaibisha, lakini nilisoma.

"Kwa Bibi tu," baba mdogo akasema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Fundi, si unajua. Pale mtu anataka amalize, atoke."

Mama Sharon, aliyekuwa bado amesimama na bakuli lake, akasema, "Haya makubwa."

Njiani kurudi baba mdogo alikaa nyuma ya guta akiwa ameikumbatia injini. Nilikuwa nimemshuku kwa ubaya, kumbe alikuwa anaogopa tu. Na aliogopa kabla hata mashine haijazimika mara ya kwanza. Fundi nilimshuku bure kabisa. Alinipa plagi mbili za urefu wa kati kutoka kwenye droo yake na hakusema neno baya.

Jumamosi, 28 Juni

Tumefunga plagi ya kati. Tumeenda kwa Bibi Leonia. Baba alimwomba baba mdogo apige resi mpaka mwisho makusudi, naye akapiga. Mashine haikuzimika. Tumemaliza mahindi yote kabla ya saa tisa, magunia tisa, na yangekuwa zaidi kama si panya.

Bibi Leonia alisema tu, "Kumbe inaweza."

Baba alipoondoka nilijikaza nikamuuliza Bibi kuhusu majivu.

"Majivu gani?"

"Uliyomwaga kuzunguka mashine, siku ile asubuhi."

Alinitazama kama ninavyotazamwa na daktari. "Siafu, mtoto. Walifuata wadudu kwenye punje zilizoanguka. Ulitaka nimwage sukari?"

Jumatatu, 30 Juni

Nilidhani yamekwisha. Hayajaisha.

Kisimani nimekutana na Mama Angela. Nikamweleza habari ya plagi, kumi na tisa na kumi na saba na nusu, donge la chapati na yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akajitwisha ndoo, akasema, "Sawa mwanangu, umesoma. Lakini mwenyewe si amesikia kuna kikao? Ameogopa, ameachia."

Wote wanasema hivyo. Ilipozimika, alikuwa ameifunga. Ilipofanya kazi, ameifungua. Sioni mashine inaweza kufanya nini ambacho hakitamhukumu. Kikao kiko palepale.

Jumanne, 1 Julai

Nimefikiri usiku na mchana. Kama mashine kupona kwa Bibi hakumwokoi, basi lazima izimike kwa mtu mwingine.

Nilimwambia baba wakati wa chai. Tufunge plagi ndefu, tupige resi mpaka mwisho, lakini uani kwa Mzee Wilibrodi. Zamu yake ni Alhamisi.

Baba aliweka kikombe chini. "Unataka nivunje injini yangu kwa mkono wangu?"

"Mara tatu imepigwa na haijavunjika."

"Na ya nne?"

"Sijui, baba."

"Injini hiyo ndiyo ada yako ya shule, unajua?"

"Najua."

Mama alisema tuyaache, watu wazima watayamaliza. Nikasema, "Mama, yalianza na mimi na wewe, hapa jikoni, tukichambua maharage." Sijawahi kumjibu mama hivyo. Hakunikemea. Alitoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Jumatano, 2 Julai

Baba hajasema ndiyo. Upepo umevuma kutwa nzima.

Alhamisi, 3 Julai

Watu walikuwa wengi kwa Mzee Wilibrodi, maana mahindi yake ni mengi na kwa desturi kila nyumba hutoa mtu wa kusaidia. Tulisimamisha mashine. Nikaona baba anatoa plagi mfukoni, nikaona ni ndefu.

"Mzee," baba akasema kwa sauti ili wote wasikie, "naomba ruhusa yako mbele ya watu. Hii ni moja ya zile plagi zilizozimika kwa Bibi Leonia. Nimeufungua mwanya wake, nitaifunga hapa. Evans atapiga resi kama alivyopiga kule. Unaruhusu?"

Mzee Wilibrodi alicheka. "Funga! Funga hata kumi. Uani kwangu hakuna kitu."

"Ikizimika?"

"Haizimiki, Vitus. Kwangu mimi?"

Baba aliifunga. Baba mdogo alivuta kamba, injini ikawaka. Kwanza ilienda polepole na Mzee Wilibrodi akatutazama kwa zamu, mikono nyuma. Kisha baba akaitikia kwa kichwa, na baba mdogo akavuta waya mpaka mwisho. Kelele ilijaa uwanja. Nilihesabu kimoyomoyo. Ishirini. Arobaini. Leonsi anatia magunzi. Sitini. Haikuzimika. Nikaona Mama Angela anatikisa kichwa, nikaanza kusali. Sabini. Sabini na moja.

Tak!

Punje za mwisho zilianguka kwenye gunia moja moja. Baba alifungua plagi kwa spana, akaiweka juu ya ganda la muhindi kwa sababu ya joto, akampa Mzee Wilibrodi. Imefumbwa. Mzee aliitazama, akampa aliye jirani yake, naye akampa mwingine, ikazunguka.

Ndipo Leonsi akasema, "Mzee, shikamoo. Na wewe umeanza lini?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wawili, kisha uwanja mzima. Mzee Wilibrodi hakucheka. "Vitus, umenitega."

"Sijakutega, mzee. Nimekuomba ruhusa."

Baba mdogo alikuwa bado ameshika waya. "Nilikuwa namwogopa Bibi," akasema. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini wote walisikia. "Nilikuwa naikimbiza ili nitoke haraka. Basi. Ni hivyo tu."

"Na majivu je?" akauliza Mama Angela.

Watu walinitazama. "Majivu niliyaona mimi," nikasema. "Sikumuuliza ni ya nini. Midomo kucheza sikuiona vizuri, niliongeza. Jumamosi nilimuuliza, akasema ni ya siafu."

"Siafu, baridi hii?"

"Kwangu wapo," Valerian akasema. "Juzi nimemwaga majivu debe zima. Mniite na mimi kwenye kikao."

Baba akafunga plagi ya kati. Injini ikawaka. Iliendeshwa kwa resi, ikaendeshwa polepole, mpaka jua linazama haikuzimika. Mzee Wilibrodi alikaa ndani karibu muda wote. Alisema ana ndama mgonjwa.

Jumamosi, 5 Julai

Mzee Wilibrodi ametuma ujumbe kwamba kesho hakuna kikao, atakuwa na wageni. Hakusema zaidi. Mama amefurahi. Mimi sijui. Kikao kilichoahirishwa kinaweza kuitwa tena wakati wowote mashine ya mtu mwingine itakapozimika, au ng'ombe wa mtu atakapokufa.

Jumapili, 6 Julai

Saa nane kasoro nilimwona Bibi Leonia anapita njiani amevaa kitenge chake cha kanisani, kigoda kichwani. Nilimfuata kwa mbali. Alikwenda moja kwa moja uani kwa Mzee Wilibrodi, akaweka kigoda katikati ya uwanja, akakaa.

Mzee Wilibrodi alitoka. Hakukuwa na mgeni yeyote.

"Karibu mama. Kuna nini?"

"Nimekuja kufukuzwa. Si ni saa nane?"

"Ah, hapana mama. Kikao hakipo."

"Hakipo leo, au hakipo?"

Watu walianza kusogea kutoka barabarani, kwanza watoto, kisha wakubwa. Mzee Wilibrodi alishika kidevu. "Hakipo, mama."

"Basi sema kwa sauti. Mlipokiita mlikiita kwa sauti, mpaka mimi nisiyealikwa nikasikia."

Mzee alimtazama, akatutazama sisi. Niliona kwamba kwake kumwambia Bibi aondoke pale kungekuwa rahisi zaidi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata walio barabarani waliisikia, "Hakuna kikao cha Mama Leonia. Hakitakuwepo. Anakaa kwake."

"Asante," akasema Bibi Leonia, akajitwika kigoda chake.

Jumatatu, 7 Julai

Kesho shule zinafunguliwa. Nguo nimeshapiga pasi.

Jioni nilikwenda kwa Bibi Leonia kuomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini nilipofika yalipotea, nikasema tu kwamba mimi ndiye niliyeanzisha.

"Najua. Nilikuona umesimama nyuma ya mparachichi. Ulidhani nitaona mti umenenepa?"

"Kwa nini hukuniita?"

"Kwa nini hukuniamkia?"

Alinionyesha pa kukaa, akaingia ndani. Nilimsikia akikoroga kitu. Akatoka na kikombe cha bati, togwa ya ulezi, akanipa kwa mikono miwili, akakaa mbele yangu kuniangalia.

Nilikishika. Nilikuwa nimepima hedi kwa mikono yangu, nimehesabu hadi sabini na moja, nimesema mbele ya watu wote kwamba majivu yalikuwa ya siafu tu. Nikatazama ndani ya kikombe. Togwa ilikuwa ya kahawia, na katikati kulikuwa na povu lililokuwa likizunguka polepole.

Nilikunywa yote, hadi machicha ya chini. Ilikuwa tamu. Lakini kabla ya kunywa nilisita, sijui kwa muda gani. Bibi Leonia anajua.